Jimmy na Timmy kwenye skrini moja: nimezitazama tena zote tatu

Nianze na hukumu. Katika katuni zote nilizowahi kuona zikikusanya mashujaa wa vipindi tofauti, hizi tatu za Nickelodeon, kituo cha runinga cha watoto cha Marekani, zinazoitwa The Jimmy Timmy Power Hour ndizo pekee ninazoweza kumwambia mtu mzima akae azirudie. Ya kwanza ilirushwa Mei 2004. Mbili zilizofuata zilikuja mwaka 2006, Januari na Julai. Nimezitazama upya mfululizo, na nimecheka palepale nilipokuwa nikicheka utotoni, ingawa kuna mahali kidole kilikuwa kinawasha kusogeza mbele.

Kwa asiyewafahamu: Jimmy Neutron ni mtoto wa mji wa Retroville, kichwa kikubwa na akili nyingi kupita kiasi. Kila tatizo analitafutia mtambo, na mara nyingi mtambo ndio unaozaa tatizo jipya. Timmy Turner wa Dimmsdale hana akili hizo. Yeye ana kofia ya pinki, meno ya mbele yaliyochomoza, na walezi wawili wa kichawi, Cosmo na Wanda, wanaomtimizia anachoomba. Mmoja ni wa sayansi, mwingine ni wa uchawi. Katika ile ya kwanza Timmy anaomba apelekwe kwenye maabara bora kuliko zote, anajikuta kwa Jimmy, na Jimmy naye anaangukia Dimmsdale. Hadithi ni hiyo tu, na inatosha kabisa.

Kilichonikamata tangu zamani ni michoro. Kipindi cha Jimmy kilitengenezwa kwa kompyuta, kwa pande tatu, kila kitu kina uvimbe na kivuli. Cha Timmy ni michoro bapa yenye mistari minene myeusi. Watengenezaji wangeweza kumbandika Timmy bapa ndani ya Retroville na kazi ikaisha. Hawakufanya hivyo. Anayevuka mpaka anachorwa upya kwa sheria za huko alikoingia: Timmy anapata unene, Cosmo na Wanda wanavimba, na Jimmy anakuwa bapa kama karatasi. Nilipokuwa mdogo niliona mchezo mzuri tu. Sasa naona ni kazi mara mbili, maana kila mhusika anayesafiri alilazimika kubuniwa mara ya pili na studio ambayo haikumzaa.

Na hapa muda umefanya mzaha wake. Enzi zile Retroville ndiyo ilionekana mambo ya kisasa. Filamu ya Jimmy ya mwaka 2001 ilikuwa miongoni mwa tatu za kwanza kuteuliwa kwa tuzo ya Oscar ya filamu bora ya katuni, pamoja na Monsters, Inc. na Shrek, iliyoshinda. Leo ukitazama, nywele za Jimmy ni plastiki tupu, nyuso zimekakamaa, na mitaa ni mitupu kana kwamba watu wamehama. Dimmsdale iliyochorwa bapa haijazeeka hata kidogo. Kila hadithi inaporudi kwa Timmy macho yanapumzika. Sikutarajia kusema hivyo, maana utotoni nilikuwa upande wa Jimmy bila mjadala.

Ucheshi bora wa ile ya kwanza unatokana na ubishi wa Jimmy. Hakubali kwamba uchawi upo. Yuko ndani ya mji ambao uchawi unafanya kazi mchana kweupe, na bado anautafutia maelezo ya kisayansi. Mwalimu Crocker, ambaye maisha yake yote ni kuwinda walezi wa kichawi, akakutana na mtoto wa namna hiyo. Raha tupu. Huku Retroville, Timmy anachezea vitu vya maabara kana kwamba ni midoli, na Goddard, mbwa wa chuma wa Jimmy, ndiye anayelipia ujinga huo. Hakuna shujaa anayekuja kumsaidia mwenzake. Kila mmoja anaharibu kwa mwenzake kwa sababu hajui sheria za pale, na kwangu hiyo ndiyo maana ya kukutanisha vipindi. Kama mgeni haharibu chochote, kwa nini aje?

Ya pili ndiyo dhaifu. Anti-Cosmo, pacha mwovu wa Cosmo, anaungana na Profesa Calamitous, adui wa Jimmy, wazo zuri, lakini wakati mwingi unaliwa na Jimmy na Timmy wakimgombania Cindy, msichana wa Retroville. Cindy wa kipindi cha kawaida ana ulimi mkali na akili za kushindana na Jimmy. Hapa amegeuzwa kombe la kushindaniwa. Nilichoka mapema.

Ya tatu imewaza mbali kuliko zote. Sasa wavulana hawa ni marafiki, tena marafiki wa kuudhi, wale wanaojifungia wawili na kuwasahau wengine wote. Wamechoka na maadui wao wa kila siku kwa kuwa wanawashinda kirahisi mno, basi wanaamua kujitengenezea adui wao, sayansi ikishirikiana na uchawi. Adui mwenyewe anaitwa Shirley. Kuanzia hapo sisemi zaidi. Ila waandishi walielewa kwamba baada ya kuwagombanisha mara mbili, kilichobaki ni kuonyesha hatari ya hawa wawili wakipatana.

Sauti nazo zinastahili kutajwa. Debi Derryberry ni Jimmy, Tara Strong ni Timmy, na ubishi wao una kasi kweli. Tara Strong huyohuyo alirudi kwenye mkutano mwingine wa mashujaa mwaka 2018, sehemu ya katuni ya OK K.O.! iitwayo Crossover Nexus, akiwa Ben wa Ben 10 na pia Raven wa Teen Titans Go!. Ukijua hilo, mazungumzo ya wahusika hao yanachekesha kwa namna nyingine.

Nilijaribu kulinganisha na ile maarufu ya 1990, Cartoon All-Stars to the Rescue, iliyorushwa Marekani kwenye vituo vikubwa kwa wakati mmoja, ikafunguliwa na Rais George H. W. Bush na mkewe Barbara. Humo yumo Bugs Bunny, Garfield, Winnie the Pooh, Smurfs, Michelangelo wa Ninja Turtles, kila uliyempenda. Lengo lilikuwa kuwaonya watoto kuhusu dawa za kulevya, na lengo halina ubaya. Lakini wahusika wanapita kama wageni kwenye mkeka wa harusi: anasalimia, anatoa nasaha yake, anampisha mwingine. Ukiwabadilishana mistari hakuna atakayegundua.

Jina linasema saa moja, ila ukiondoa matangazo kila sehemu haifiki saa. Ningekushauri utazame ya kwanza, uiruke ya pili, umalizie na ya tatu, hutapotea. Ukitazama na mtoto ambaye hajawahi kuona vipindi hivi, muonyeshe kwanza sehemu moja ya kawaida ya kila kipindi, la sivyo vichekesho vya Jimmy kukataa uchawi vitampita tu, na atakuuliza kwa nini mtu yuleyule anavimba halafu anakuwa bapa.