Fundi wa Luthuli aliyeirudisha ũ ya Mũrang'a

Kwa miezi minne chama chetu kilituma matangazo ya msiba yenye majina yaliyoharibika, na katibu ni mimi. Nimepata fundi aliyelimaliza jambo hilo. Naandika kwa sababu najua viko vyama vingi hapa Nairobi vinavyotuma SMS kwa kompyuta kuukuu na modemu, na kila vikienda kwa mafundi vinaambiwa vinunue mashine mpya.

Chama chetu ni cha kufa na kuzikana. Tuko wanachama 84, wengi tunakaa Kayole, Umoja na Dandora, lakini nyumbani ni Mũrang'a, na wazee walioko huko nao wamo kwenye orodha. Wachache wana simu za WhatsApp. Waliobaki wana kabambe, zile simu ndogo za vitufe, kwa hiyo SMS ndiyo inayomfikia kila mtu. Tunayo laptopu ya Windows 7 yenye programu ya zamani ya kutuma ujumbe kwa wingi: unachomeka modemu yenye laini, unabandika maneno, unachagua orodha, unabonyeza. Ilitufaa miaka mingi, maana tulikuwa tukiandika majina bila alama yoyote.

Mwaka jana wanachama walikubaliana majina yaandikwe inavyopasa. Kiswahili kina irabu tano, Gĩkũyũ kina saba, na zile mbili zinazozidi ni ĩ na ũ, zenye kiwimbi juu. Niliunga mkono kwa moyo wote. Kabla ya kustaafu nilikuwa mpiga chapa, na taipureta yangu haikuwa na herufi hizo. Nilikuwa nikimaliza ukurasa nautoa, nachukua kalamu nyeusi na kutia viwimbi kwa mkono, kimoja kimoja, hadi jina la mtu likae sawa. Kwangu hilo halijawahi kuwa jambo dogo.

Tangazo la kwanza la namna hiyo lilikuwa la mwenzetu aliyefiwa na mamake. Niliandika kwenye programu ya kuandikia barua, nikahifadhi kama faili ya maandishi matupu, nikaifungua ndani ya ile programu ya SMS. Kwenye kioo palipokuwa na Mũrang’a pakatokea MÅ©rangâ€™a. Nikadhani ni kioo tu kinachokosea, kwenye simu itatoka vizuri. Nikatuma.

Kwenye simu lilifika hivi: MÅ?rang?€?a. Jina la marehemu lilikuwa na ũ mbili, na zote mbili zilikuwa zimegeuka takataka. Mama mmoja wa Kangema alinipigia kuuliza kama mchango sasa unatolewa kwa fedha za Ulaya, kwa kuwa mjukuu wake alimwambia ile € ni alama ya yuro. Mwenye msiba hakuniambia neno. Nilimkuta kwenye mkutano wa maandalizi akiwa ameshika simu yake, na sikujua nimwangalie wapi.

Duka la kwanza nililokwenda lilichukua Sh 2,000. Walifuta Windows wakaiweka upya, wakaweka programu upya, wakaongeza fonti chungu nzima. Herufi zikabaki zilivyokuwa. Nikaambiwa laptopu imezeeka, ninunue nyingine. Sikuambiwa kwa nini.

Fundi ninayemsifu hapa ana kibanda katika eksibisheni moja ya Luthuli Avenue, ghorofa ya pili, mwisho wa korido. Kibanda hakina jina, ila utakijua kwa kabati la kioo lililojaa vifuniko vya kabambe na nyaya za chaja. Nilipelekwa na binti wa jirani. Nilipomfungulia laptopu aliifunga.

"Mama, kwanza nionyeshe simu iliyopokea," alisema. "Na usifute ujumbe hata mmoja."

Nilimpa kabambe yangu. Aliusoma ujumbe, akachukua karatasi akanakili herufi zile kama zilivyo, hata alama za kuuliza. Halafu akafungua laptopu akanakili zilivyokuwa kwenye kioo. Akaziweka karatasi mbili sambamba. Duka la kwanza halikufanya hivyo, na naamini hapo ndipo tulipopona.

Alinieleza taratibu na sikuona aibu kumrudisha nyuma. Kila herufi kwenye kompyuta huhifadhiwa kwa namba. Faili yangu ilihifadhiwa kwa mtindo uitwao UTF-8, ambao ndio unaotumika karibu kila mahali sasa, na humo ũ ni namba mbili zinazofuatana, C5 na A9 (namba za kompyuta huandikwa kwa tarakimu na herufi). Programu inayoujua mtindo huo huzichukua zote mbili pamoja na kuchora ũ. Yetu ilitengenezwa kwa jedwali la zamani liitwalo Windows-1252, ambalo husoma namba moja moja: C5 humo ni Å, na A9 ni ©. Ndiyo maana ũ moja ikawa wageni wawili. Ritifaa, ile alama ya ng'ombe, ikawa wageni watatu, kwa sababu programu ya kuandikia barua huigeuza yenyewe kuwa ile iliyopinda, na iliyopinda ni namba tatu: E2, 80, 99. Kwenye jedwali la zamani hizo husomeka â, € na ™.

Kisha simu. SMS ya kawaida ina jedwali lake dogo la herufi. Å imo, na € imo. Lakini © haimo, wala â, wala ™, na programu yetu ilipokosa herufi iliweka alama ya kuuliza na kusonga mbele. Nikazirudia karatasi zile mbili kwa kidole, herufi baada ya herufi, na kila moja ilikuwa na sababu. Miezi minne nilikuwa nikiona uchafu, na kumbe ulikuwa na hesabu yake kamili.

Nakumbuka alivyosema kuhusu alama hizo, na nimeyabandika ukutani pale ninapofanyia kazi. Ukiona herufi mbili tatu za ajabu mahali pa moja, herufi yako bado iko salama, imesomwa tu kwa jedwali lisilo lake. Ukiona kisanduku kitupu, herufi imefika lakini simu haina picha yake. Ukiona alama ya kuuliza, hiyo imekwisha potea, hakuna fonti itakayoirudisha, rudi nyuma utafute ilipopotelea. Fonti zote tulizowekewa kwa Sh 2,000 zilikuwa dawa ya visanduku, na ugonjwa wetu haukuwa wa visanduku.

Alijaribu kuiokoa programu ya zamani kwa zaidi ya saa moja. Aliingia kwenye mipangilio ya Windows mahali unapochagua lugha ya programu zisizojua Unicode, yaani ile orodha kubwa ya herufi za lugha zote ambayo UTF-8 huiandika, akapitia majedwali ya herufi za Kizungu moja baada ya jingine. Hakuna hata moja lenye ĩ na ũ. Hapo akasema wazi kwamba programu hii haitaweza kamwe, na asingenidanganya. Ila modemu ni nzima na laptopu ni nzima, tatizo ni programu tu. Akaniwekea Gammu, programu nyingine ya kutuma SMS ambayo ni ya bure, akaiunganisha na modemu ileile na laini ileile.

Kabla hajaniruhusu kutuma kwa watu, alijaribu kwa simu tatu juu ya kaunta: simu yake kubwa, kabambe yangu, na kabambe nyingine kongwe isiyo na kifuniko cha nyuma aliyoifunga kwa raba. Alituma maneno haya: "Mazishi ni Jumamosi, Kangema, Mũrang'a. Mchango 500." Simu yake ikaonyesha sawa. Yangu ikaonyesha sawa, na nilipoiona ile ũ na kiwimbi chake kidogo juu, kwenye kioo kidogo cha kabambe, machozi yalinilengalenga. Ile kongwe ikaonyesha kisanduku kati ya M na r. Akanionyesha makusudi. "Hii nayo iko kwa wazee wako, mama. Hao utawapigia."

Jambo la gharama alilitanguliza yeye, sikumuuliza. SMS moja hubeba biti 1,120, biti ikiwa ndiyo kipimo kidogo kabisa cha kompyuta. Kwa jedwali dogo kila herufi ni biti 7, kwa hiyo zinaingia herufi 160. Ukiweka herufi moja tu isiyomo kwenye jedwali hilo, ujumbe wote hugeuzwa kuwa wa biti 16 kwa kila herufi, na zinaingia 70 tu. Ukizidi hapo hukatwa vipande vya herufi 67. Tulipiga hesabu nyuma ya risiti: tangazo la herufi 150, ambalo zamani lilikuwa SMS moja, likiwa na ũ moja linakuwa tatu. Kwa watu 84 ni SMS 252. Na ritifaa iliyopinda hufanya vilevile! Mtu anaweza kuandika Kiswahili kitupu, "ng’ombe" moja tu, akashangaa kifurushi kimeisha. Sasa naandika ritifaa iliyonyooka, na matangazo yenye majina nayabana yasizidi herufi 70. Lile la majaribio lina 52. Mengine yote, ya mikutano na mahesabu, yanakwenda bila viwimbi.

Bei yake: kuangalia ni Sh 300, na kazi yote, pamoja na kusafisha orodha yangu ya majina 84 iliyokuwa imechanganyika mitindo miwili, ilikuwa Sh 1,500. Nililipa kwa M-Pesa baada ya kuona simu tatu zile. Orodha ndiyo iliyomchosha zaidi. Majina yaliyokuwa na herufi za ajabu aliyarudisha yote kwa kufungua faili upya kwa mtindo wake. Yale 11 yaliyokuwa na alama za kuuliza hakuyagusa. Aliniambia hawezi kujua kama paliandikwa i au ĩ, u au ũ, na jina la mtu halikisiwi. Akanichapishia, nikawapigia wenyewe mmoja mmoja jioni ile. Fundi wa namna hiyo namwamini.

Yako mambo yanayohitaji kurekebishwa na nitayasema. Hakuna pa kukaa, na nilisimama saa tatu nikiegemea kaunta na goti langu bovu. Kibanda cha jirani kinauza spika na kinazijaribu siku nzima, kwa hiyo maelezo mengine nilimfanya ayarudie mara tatu. Gammu yenyewe haina madirisha ya kubonyeza kama programu ya zamani. Unaandika amri kwenye kioo cheusi, na ukisahau neno "-unicode" mwishoni unarudi kwenye alama za kuuliza. Nilipomwambia sitakumbuka, alinitengenezea kitufe kwenye kioo cha mwanzo ambacho ninakibonyeza mara mbili nacho kinasoma faili yangu na kutuma. Lakini maagizo aliniandikia kwa Kiingereza, na ilinibidi nikae naye tuyaandike upya kwa Kiswahili ili mweka hazina wetu naye ayafuate siku nikiwa mgonjwa. Angewaandikia wateja hivyo tangu mwanzo, maana wengi tunaopanda ngazi zile ni watu wa vyama na makanisa.

Tangu hapo nimetuma matangazo sita. Moja lilirudi na tatizo, nikakuta nimelibandika kutoka WhatsApp pamoja na kile kipicha cha mikono iliyofumbatana, kikaligeuza tangazo zima la mkutano kuwa vipande vitatu. Nilimpigia, akaelewa kabla sijamaliza sentensi, na hakunitoza chochote. Wazee wanne wenye kabambe za visanduku nawapigia simu mimi mwenyewe, na huwatajia jina la marehemu kwa sauti.

Ukienda kwake, nenda asubuhi kabla ya saa nne, kabla spika hazijaanza. Ijumaa hufunga kuanzia saa sita na nusu hadi saa nane kwa swala. Beba laptopu, modemu, na simu iliyopokea ujumbe ulioharibika, ukiwa bado hujaufuta.