Una waya kwenye meno? Nunua kwa mpangilio huu, dawa za kung'arisha ziwe za mwisho

Watu wengi wakishafungwa waya swali la kwanza ni dawa gani inang'arisha haraka, na mimi nawaomba jamani hiyo pesa ishikeni kwanza. Dawa ya kung'arisha haipiti chini ya braketi (vile vipande vidogo vinavyogandishwa kwenye jino kushika waya), kwa hiyo siku waya zikitolewa unaweza kubaki na kiboksi cha rangi ya zamani katikati ya kila jino. Halafu kuna yale madoa meupe kama chaki yanayotokea pembeni ya braketi, yale sio uchafu, ni enameli (gamba gumu la nje la jino) imepoteza madini kwa sababu utando wa bakteria umekaa pale muda mrefu, na ukipaka dawa kali hayatoki, mara nyingine ndio yanaonekana zaidi. Kwa hiyo ukiwa na waya nunua usafi kwanza.

Namba 1: mswaki laini wenye kichwa kidogo na dawa ya meno yenye floraidi. Geuza boksi usome, kwa mtu mzima tafuta iliyoandikwa ppm 1,350 hadi 1,500 (ndio kipimo cha floraidi), hiyo inashinda maneno yote makubwa ya mbele. Mswaki unauweka mshazari juu ya waya ukiuelekeza chini, kisha unarudia chini ya waya ukiuelekeza juu, jino kwa jino, dakika 2, asubuhi na kabla ya kulala. Ukimaliza tema tu, usisukutue na maji, acha floraidi ibaki ifanye kazi. Na waya zinakula mswaki, nyuzi zikishatawanyika badilisha hata kama miezi 3 haijafika.

Namba 2, na hii ndio watu wanairuka: vibrashi vidogo vya katikati ya meno. Unakipenyeza chini ya waya, pembeni kabisa ya braketi, unakipandisha na kukishusha taratibu, kisha unahamia upande wa pili. Jaribu baada ya kupiga mswaki vizuri kabisa uone kinavyotoka na utando mweupe unaonata, utaelewa kwa nini nakisisitiza. Saizi ni muhimu, kikigoma kuingia usilazimishe, chukua chembamba zaidi.

Namba 3 nta ya waya. Ncha ikikuchoma shavu, kausha kwanza hapo mahali, chukua nta kama punje ya njegere uikandamize juu yake. Inakusitiri tu mpaka umwone daktari, sio matibabu.

Namba 4 mashine ya kurusha maji. Inatoa mabaki ya chakula vizuri sana, na wale ambao uzi wa meno umewashinda (kuupitisha chini ya waya kunachosha kweli) itawasaidia, ila haichukui nafasi ya mswaki. Namba 5 mswaki wa umeme, mzuri lakini sio lazima, ukinunua chagua unaokuonya ukikandamiza sana.

Dawa ya kusukutua yenye floraidi ni sawa, itumie saa tofauti na ya kupiga mswaki. Yenye klorheksidini (kemikali ya kuua bakteria) usijinunulie bila daktari, ukiitumia muda mrefu inaacha madoa ya kahawia, yaani unakimbia njano unapata kahawia.

Ya kuacha kabisa: unga wa mkaa. Unakwangua enameli, nyingi hazina floraidi, na ule weusi unajificha kwenye braketi. Dawa za meno zilizoandikwa zinang'arisha nyingi zinatoa madoa ya juu tu, rangi ya ndani ya jino haiguswi.

Waya zikishatoka, gundi ikasafishwa na daktari akasema fizi ziko vizuri, hapo ndio tuongee kung'arisha. Chaguo langu la kwanza ni trei iliyochongwa kwa meno yako na jeli ya kabamaidi peroksaidi 10%, ambayo inatoa kama 3.5% ya haidrojeni peroksaidi, hiyo ndio kemikali inayong'arisha. Vibandiko vya kung'arisha vya kununua mwenyewe naviweka chini yake, kwa sababu havikai vizuri kwenye kila jino. Meno yakianza kufa ganzi au kuuma ukinywa kitu baridi, pumzisha siku kadhaa na utumie dawa ya meno yenye potasiamu naitreti, inayotuliza hayo maumivu. Na kama una jino la mbele lililozibwa mwambie daktari mapema, kizibo hakibadiliki rangi, kwa hiyo unang'arisha kwanza ndio kizibo kipya kifuatishwe rangi mpya.