Wasifu wa Stephen Decatur: kitabu cha mtumba kutoka dukani Lamu

Kitabu hiki cha maisha ya Stephen Decatur, afisa wa jeshi la majini la Marekani aliyezaliwa mwaka 1779, nilikinunua katika duka dogo la vitabu vya mitumba mjini Lamu, nami ninakipendekeza kwa dhati kwa yeyote anayeijua bahari. Sura iliyo bora kuliko zote inahusu usiku wa tarehe 16 Februari 1804, bandarini Tripoli, katika Libya ya leo, iliyokuwa vitani na Marekani. Manowari ya Marekani, Philadelphia, ilikuwa imepanda mwamba miezi michache kabla na kutekwa na watu wa Tripoli. Decatur akaingia kwa chombo kidogo cha matanga, mabaharia wake wengi wakiwa wamejificha, huku rubani wao kutoka Sisilia akiwaambia walinzi kwamba wamepoteza nanga katika dhoruba na wanaomba kufunga kamba ubavuni mwa manowari hadi asubuhi. Mwandishi anaijua kazi ya chombo: unaiona kamba ikipokewa na kuvutwa kidogo kidogo, hadi walinzi wanapogundua hila. Manowari iliteketezwa bila Mmarekani hata mmoja kufa, na Decatur akapata ukapteni akiwa na miaka 25.

Vita vya 1812 dhidi ya Uingereza, alipoiteka manowari Macedonian, vimepitiwa kwa haraka mno. Kifo chake katika pambano la bastola na afisa mwenzake James Barron, mwaka 1820, kinaelezwa kwa uadilifu kwa pande zote mbili, jambo ninaloliheshimu sana. Ramani ya Tripoli ni ndogo, haisomeki vizuri, na kurasa za mwisho zimeharibiwa na unyevu wa pwani; mzee mwenye duka alinionyesha kasoro hiyo kabla sijalipa, akanipunguzia bei.