Tathmini: Mosin-Nagant 91/30 na mvuto wa bunduki kuukuu za jeshi

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 2010, mkazi wa Marekani aliyetaka bunduki yake ya kwanza ya kulengea shabaha aliweza kuingia katika duka la vifaa vya michezo, akakuta rafu imejaa Mosin-Nagant za Urusi zilizosimamishwa wima, na akatoka na mojawapo kwa chini ya dola 100, tena ikiwa na singe yake, mkanda, mifuko ya risasi na kikopo cha mafuta. Leo bunduki ileile huuzwa kwa dola 350 au zaidi, na iliyo safi hupita 500 bila shida. Tathmini hii inahusu modeli ya 91/30, ambayo ninaimiliki na kuitumia, na inajaribu kueleza kwa nini watu wanaendelea kuitafuta hata baada ya unafuu wake kwisha. Maoni yangu ni kwamba bei ndiyo iliyowaleta watu dukani, lakini kilichowafanya wasiiuze ni kwamba bunduki hii inasomeka: sehemu kubwa ya maisha yake imegongwa juu ya chuma chake, na mwenye subira anaweza kuifuatilia mwenyewe.

Unafuu ule haukutokana na ubovu. Mosin-Nagant ilianza kutumiwa na jeshi la Urusi mwaka 1891, ikiunganisha kazi ya afisa wa Kirusi Sergei Mosin na mawazo ya Mbelgiji Léon Nagant. Ikafanyiwa marekebisho mwaka 1930, ndipo likapatikana jina la 91/30, na ikaendelea kutengenezwa kwa wingi wa kutisha wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Jumla ya zote zilizowahi kutengenezwa hukadiriwa kufika milioni 37. Vita vilipokwisha, Wasovieti walizikusanya, wakazipeleka kwenye karakana za jeshi, wakabadilisha vipuri vilivyochakaa, wakapaka vitako vanishi mpya, wakazizamisha katika grisi nzito na kuzifungia katika makreti ya mbao zisubiri vita vingine. Muungano wa Kisovieti uliposambaratika mwaka 1991, mataifa yaliyorithi maghala hayo yalijikuta na silaha ambazo jeshi la kisasa halikuwa na haja nazo. Gharama ya kuzitengeneza ilikuwa imelipwa zamani na serikali, na pengine kwa maisha ya waliozibeba, kwa hiyo mnunuzi wa Marekani alikuwa akilipia usafirishaji, ushuru na faida ya muuzaji tu.

Biashara yenyewe ni ya zamani kuliko hapo. Katika miaka ya 1950 mfanyabiashara Samuel Cummings, kupitia kampuni yake iliyokuja kujulikana kama Interarms, alikuwa akinunua silaha zilizozidi mahitaji ya majeshi ya Ulaya na kuzijaza katika maghala ya Alexandria, Virginia, na Wamarekani waliziagiza kwa posta kwa bei ya jozi ya viatu. Mwaka 1963 Rais John F. Kennedy aliuawa kwa bunduki ya Kiitalia aina ya Carcano, iliyonunuliwa kwa njia hiyohiyo kwa dola 19.95 pamoja na darubini yake. Sheria ya udhibiti wa silaha ya mwaka 1968 ilikomesha uuzaji wa bunduki kwa posta moja kwa moja kwa raia na kufunga uingizaji wa silaha za ziada za kijeshi, na mlango huo haukufunguliwa tena kwa silaha za kihistoria hadi katikati ya miaka ya 1980. Wale wanaoikumbuka miaka ya 1990 na 2000 kama enzi ya neema wana haki ya kuikumbuka hivyo, kwa sababu kufunguliwa kwa sheria na kufunguliwa kwa maghala ya Ulaya Mashariki kulikutana.

Sasa nije kwenye bunduki yenyewe. Ina urefu wa sentimita 123 bila singe, na mtutu wake pekee unafikia sentimita 73. Uzito ni kilo 4. Ukiishika kwa mara ya kwanza unahisi kuwa ilikusudiwa kwa askari aliyevaa koti zito la baridi, kwani kitako ni kifupi na mbele kunaelemea. Juu ya chemba, yaani sehemu ya chuma iliyo nyuma ya mtutu ambamo risasi huingia, ndipo usomaji unapoanzia. Nyota yenye mshale ndani yake ni alama ya kiwanda cha Tula. Pembetatu yenye mshale ni alama ya Izhevsk, kiwanda kilichobeba mzigo mkubwa zaidi wa uzalishaji wakati wa vita. Chini ya alama hiyo umegongwa mwaka. Chemba zilizotengenezwa kabla ya takriban mwaka 1936 zina pande bapa kwa juu, na zilizofuata ni za mviringo kwa sababu umbo hilo lilipunguza kazi ya mashine. Bunduki ya mwaka 1938 imesuguliwa ikang'aa, ilhali ya mwaka 1942 ina mikwaruzo ya tezo la mashine iliyoachwa wazi, na tofauti hiyo inaeleza hali ya nchi ile kuliko kurasa nyingi za historia: wafanyakazi walikuwa wanakimbizana na adui aliyekwisha kufika karibu na Moscow, wakalainisha tu zile sehemu ambazo bunduki isingefanya kazi bila kulainishwa.

Alama nyingine huja baadaye. Mstatili wenye mstari wa kukingama huonyesha kwamba bunduki ilipita katika karakana ya matengenezo baada ya vita. Namba za bolti (kipande cha chuma kinachosukuma risasi ndani na kuifungia), kifuniko cha magazini na bamba la kitako huwa zimefutwa na kugongwa upya zilingane na namba ya mtutu, na mara nyingi namba ya zamani bado inaonekana imekatwa kwa mstari. Kitako kilichopasuka hakikutupwa; mafundi walikata sehemu mbovu, wakachonga kipande kingine cha mbao na kukipachika kwa ustadi ambao mimi sichoki kuutazama. Baadhi ya bunduki zina herufi SA ndani ya mabano ya mraba, na hizo ni zile zilizoingia mikononi mwa jeshi la Finland, nchi iliyopigana na Wasovieti kwa bunduki za asili ya Kirusi. Mwisho kabisa, katika herufi ndogo, huja jina la kampuni iliyoiingiza Marekani, kama sheria inavyotaka. Wakusanyaji wengi huichukia alama hii ya mwisho. Mimi naiona kuwa sehemu halali ya safari yake.

Katika ulengaji, sifa zinapaswa kutolewa kwa kiasi. Bolti ni imara na inafunguka yote bila kifaa chochote, jambo linalorahisisha usafishaji, na bisibisi ya kijeshi inayokuja nayo ina mapengo ya kupimia urefu wa pini ya kufyatulia. Lakini mkono wa bolti ni mfupi na umenyooka, hivyo hautoi nguvu ya kutosha pale ganda la risasi linapong'ang'ania ndani ya chemba, na hilo hutokea sana kwa bunduki ambayo grisi ya ghalani haikutolewa vizuri. Dawa yake ni kuisugua chemba kwa kiyeyushi na brashi mpaka ing'ae, si kuipiga bolti kwa nyundo ya mbao kama wengine wanavyoshauri. Kufuli ya usalama ni kuvuta kitasa cha nyuma ya bolti na kukizungusha kushoto, kazi inayohitaji vidole vyenye nguvu. Kifyatulio ni kizito na hakikupi dalili ya wazi ya lini kitaachia. Teke lake begani ni kali, na bamba la chuma mwishoni mwa kitako halilipunguzi hata kidogo.

Kilengeo cha nyuma kimeandikwa umbali wa mita 100 hadi 2000, na mbele kuna kijiti kilichokingwa na pete. Bunduki hizi zililinganishwa kiwandani singe ikiwa imefungwa, kwa hiyo ukiiondoa risasi hugonga mahali tofauti na ulipolenga, na inakubidi kusogeza kijiti cha mbele hadi upate mahali pake. Baada ya marekebisho hayo, bunduki yenye mtutu mzuri na risasi nzuri huweka risasi zake ndani ya mduara wa sentimita 8 hadi 10 katika mita 100. Hicho ni kiwango cha vita, na kinatosha kabisa kumfundisha mtu kupumua, kutulia na kubana kifyatulio bila kukishtua, kwani bunduki yenye kifyatulio kigumu na teke kali haimfichii mtumiaji kosa lake lolote.

Risasi ndizo zilizobadilisha hesabu yote. Risasi ya 7.62x54R ilianza pamoja na bunduki hii mwaka 1891 na bado inatumika katika majeshi leo, kwenye bunduki ya rashasha ya PKM na ile ya wadunguaji ya Dragunov. Kwa sababu hiyo maghala yalikuwa yamejaa, na makopo ya bati yenye risasi 440 yaliuzwa kwa bei iliyofanya risasi moja igharimu senti 20 au pungufu. Fataki za risasi hizo za zamani huacha chumvi ndani ya mtutu, chumvi hiyo huvuta unyevu, na mtutu usiosafishwa siku hiyohiyo huanza kushika kutu. Mafuta peke yake hayaiyeyushi chumvi hiyo. Maji ya moto humiminwa ndani ya mtutu kwanza, kisha hukaushwa, ndipo mafuta yafuate. Baadaye vikwazo dhidi ya Urusi vilianza mwaka 2014, mwaka 2021 Marekani ikaacha kutoa vibali vipya vya kuingiza risasi za Urusi, na vita vya Ukraine vikafanya risasi za aina hiyo zitakiwe huko. Bunduki yenyewe ilirudi vitani: mwaka 2022 ilionekana mikononi mwa wanaume walioandikishwa kwa nguvu huko Donetsk, mashariki mwa Ukraine. Risasi mpya za kiraia kutoka Serbia na Jamhuri ya Czech ni safi na za kuaminika, lakini moja hugharimu karibu dola moja au zaidi, kwa hiyo asubuhi moja ya kulenga shabaha inaweza kula pesa ambazo zamani zingenunua bunduki nzima.

Je, kuna iliyo bora katika kundi hili la bunduki kuukuu za jeshi? Kwa usahihi, K31 ya Uswisi inaishinda Mosin kwa mbali. Kifyatulio chake ni laini, bolti huvutwa moja kwa moja nyuma bila kuzungushwa, na chini ya bamba la kitako mara nyingine hukutwa karatasi yenye jina la askari aliyekabidhiwa. Nayo iliwahi kuuzwa kwa dola mia moja na kitu, na haiuzwi hivyo tena. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, hata hivyo, bunduki yenye uzito zaidi wa moyo ni Lee-Enfield ya Uingereza, kwa sababu ndiyo waliyoibeba askari wa King's African Rifles, wakiwemo waliopelekwa Burma mwaka 1944 pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Bolti yake ni nyepesi, magazini yake huchukua risasi 10, na kwa mkono uliozoea hakuna bunduki ya bolti ya kijeshi ya enzi hiyo inayofyatua kwa kasi kama yake. Nikiwa na pesa ya kununua moja tu leo, ningechukua hiyo, ingawa risasi zake za .303 ni ghali vilevile.

Anayetaka bunduki ya kuwindia tu asinunue yoyote kati ya hizi. Bunduki mpya ya bolti ya daraja la chini inauzwa kwa bei ileile au pungufu ya Mosin ya leo, inalenga vizuri zaidi, ni nyepesi, inakubali darubini bila kutobolewa, na ina dhamana ya kiwanda. Vilevile anayeishi Marekani kwa viza ya muda afahamu kwamba sheria ya shirikisho kwa kawaida haimruhusu kumiliki silaha, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa. Mwenye ukazi wa kudumu anaruhusiwa, lakini majimbo yanatofautiana, na Illinois kwa mfano inataka kadi maalumu ya mmiliki. Nyumba yenye watoto inahitaji kabati la chuma lenye kufuli kabla ya bunduki, si baada yake.

Kwa yule ambaye bado anaitaka 91/30 kwa ajili ya historia yake, bei ya haki kwa maoni yangu haizidi dola 400, na pesa hiyo itoke baada ya ukaguzi. Mwombe muuzaji atoe bolti na umulike mtutu: mifereji ya ndani ionekane wazi, na weusi kidogo usikutishe kama kingo zake bado ni kali. Itazame ncha ya mtutu, kwani ndiko kuchakaa kunakoharibu usahihi. Uliza kama fundi wa bunduki amepima nafasi iliyoachwa kati ya bolti na kitako cha risasi, hasa kama namba ya bolti hailingani na ya mtutu. Kama haijapimwa, mtafute fundi kabla ya kufyatua risasi ya kwanza. Ukiambiwa kwamba bunduki ilitumiwa na mdunguaji, tafuta matundu ya kufungia darubini yaliyozibwa upande wa kushoto wa chemba, na yasipokuwepo usilipe hata senti moja zaidi kwa hadithi hiyo.