Nimemaliza kozi ya mtandaoni ya Mababa wa Kanisa na falsafa ya Kiyunani: maoni yangu

Kwa wanaoulizia kama kozi hii ya Mababa wa Kanisa, yaani walimu na waandishi wa Kikristo wa karne za kwanza, inastahili ada yake: inastahili, ila kwa sababu ya maandiko wanayokusomesha zaidi kuliko mihadhara. Chuo sikitaji, maana nina manung'uniko yangu na sipendi kumwagia mtu mchanga kwenye riziki yake. Waliopitia wataitambua tu.

Kwanza mpangilio. Kila wiki kuna mhadhara wa video, na huohuo umewekwa pia kwa sauti tupu, jambo ambalo sisi wa vifurushi vya kuungaunga tunalishukuru sana. Kuna maandiko ya kusoma kwenye PDF, halafu jioni moja katikati ya wiki mnakutana mubashara kujadili. Mhadhara na mjadala ni kwa Kiswahili. Maandiko mengi ni tafsiri za Kiingereza, tena nyingine za karne ya 19, Kiingereza cha kizee kinachochosha macho. Vifungu vichache mkufunzi amevitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kwa hilo nampa maua yake, amevitafsiri vizuri. Malipo ni kwa simu, unaweza kulipa kwa awamu. Cheti kipo kwa anayekihitaji.

Mimi nafundisha vijana usharikani, na kilichonisukuma ni maswali yao. Mmoja anakuja na video inayosema Ukristo ni mwanafalsafa Plato aliyevalishwa kanzu. Mwenzake anamjibu kwa Wakolosai 2:8, pale panapoonya watu wasifanywe mateka kwa falsafa. Ukifungua Matendo 17 unamkuta Paulo yuko Areopago, Athene, mbele ya Waepikureo na Wastoiko, wafuasi wa shule mbili za falsafa ya Kiyunani, anawanukulia mashairi yao wenyewe, ubeti wa Arato unaosema sisi sote tu wazao wa Mungu. Nilitaka kujua waliomfuata Paulo walifanya nini na urithi huo kwa muda wa miaka mia tatu hivi, na nilitaka kuwasikia wao, siyo wachambuzi wa YouTube.

Sasa malalamiko. Mkufunzi alianza na jedwali la safu mbili: kushoto waliokumbatia falsafa ya Wayunani, kulia walioikataa. Waandishi wa Kikristo wa karne ya 2 na ya 3 ndio wa kwanza: Yustino, Klementi na Origenes wako kushoto, Tatiano na Tertuliani kulia. Kila wiki jedwali linarudi na jina jipya. Kwa kukariri linafaa, sikatai. Ila maandiko ya kozi yenyewe yanalibomoa jedwali hilo, na mkufunzi anapita kama hajaona.

Mchukue Yustino, mzaliwa wa Flavia Neapolis, ndiyo Nablus ya leo. Mwanzoni mwa kitabu chake Mjadala na Trifo anasimulia alivyozunguka kwa walimu kutafuta ukweli. Alianza kwa Mstoiko, ambaye hakuwa na la kumwambia kuhusu Mungu na wala hakuona kwamba kuna haja. Akaenda kwa mfuasi wa Aristoteli. Huyu baada ya siku chache akataka wakubaliane ada kwanza, Yustino akaona huyo si mwanafalsafa hata kidogo. Wa tatu, mfuasi wa Pithagora, alimuuliza: muziki umesoma? Elimu ya nyota? Jiometri? Hujasoma, basi rudi ukasome kwanza. (Niliposoma hapo nilicheka peke yangu, maana vyuo vya kukudai cheti kabla hujafungua mdomo tunavyo mpaka leo.) Mwishoni akatulia kwa Mplato, akawa anajiona karibu kabisa kumwona Mungu, hadi alipokutana na mzee mmoja kando ya bahari aliyemhoji mpaka hoja zikamwishia, kisha akamwelekeza kwa manabii.

Cha ajabu ni kwamba baada ya kuamini hakulivua joho la mwanafalsafa. Aliendelea kulivaa na akafungua mafundisho yake Roma, akikaa ghorofani juu ya hamamu. Kwenye utetezi wake wa kwanza anaandika kwamba waliokwisha kuishi kwa kufuata Neno (Logos, yaani Kristo) ni Wakristo hata kama waliitwa wakana Mungu, na anawataja Sokrates na Heraklito, wanafalsafa wa kabla ya Kristo. Halafu kozi inakupa kumbukumbu za kesi yake, mwaka 165 au karibu yake. Hakimu ni Junius Rusticus, liwali wa mji wa Roma, naye alikuwa Mstoiko, yuleyule ambaye kaisari Marcus Aurelius anamshukuru katika maandishi yake kwa kumjulisha mafundisho ya Mstoiko Epiktetus. Kwa hiyo mwanafalsafa wa serikali anamhoji mtu mwenye joho la wanafalsafa, kisha anamhukumu kukatwa kichwa. Mkufunzi alilitaja hilo kwa sentensi moja. Mimi ningelipa ada kwa wiki hiyo peke yake.

Upande wa kulia yuko Tertuliani wa Kartago, mwenye swali ambalo kila mtu analijua: Athene ina nini na Yerusalemu, yaani falsafa na imani? Linapatikana katika kitabu chake dhidi ya wazushi, sura ya 7, na ni kweli pale amewaka. Ila fungua maandishi yake mengine yaliyomo kwenye PDF ileile. Anapoandika juu ya roho ya mwanadamu, anashikilia kuwa ina mwili wa namna yake, na hoja hiyo anaichukua kwa Wastoiko. Seneka, mwanafalsafa Mstoiko wa Roma, anamwita mtu ambaye mara nyingi ni wa kwetu. Na ana kitabu kizima kidogo cha kutetea uamuzi wake wa kuacha toga, vazi rasmi la Kirumi, na kuvaa, haya sasa, joho la wanafalsafa! Mwishoni anaiambia nguo hiyo ishangilie, kwa sababu falsafa iliyo bora zaidi imeanza kuvaa hilo joho tangu lilipomfunika Mkristo. Wanaume wawili wa safu zinazopingana, nguo moja.

Kwenye jaribio la wiki hiyo kulikuwa na swali la kuchagua: Tertuliani alikuwa na msimamo gani kuhusu falsafa? Jibu sahihi kwao ni "aliipinga". Niliwaandikia barua pepe nikitaja sura na maneno, nikajibiwa nifuate mhadhara. Tena mhadhara huo ulimpachika ile kauli maarufu ya "naamini kwa kuwa ni upuuzi", wakati yeye hakuiandika hivyo. Alichoandika, akizungumzia kufufuka kwa Kristo, ni kwamba jambo hilo ni hakika kwa kuwa haliwezekani. Tofauti si ndogo. Aristoteli katika kitabu chake cha balagha ana hoja inayofanana nayo: jambo lisiloelekea kuaminika ambalo watu wanaliamini, huenda ni kweli, maana nani angelitunga? Mtu anayesemekana kuifungia Athene mlango anatumia hoja ya aina ya Kiathene. Mkufunzi angeweza kukaa hapo dakika kumi tu.

Klementi tulimpita mbio na sioni kama tumepoteza sana. Stromata ni kitabu cha mtu anayejua mengi na amekataa makusudi kuyapanga. Shika lile lake kuu, kwamba falsafa ilikuwa kwa Wayunani kama Torati kwa Waebrania, mlezi wa kuwaleta kwa Kristo, kisha songa mbele.

Origenes ndiye moyo wa kozi na hapa sina lawama. Baba yake Leonida aliuawa kwa imani mwaka 202 hivi, kijana hajafika miaka 17, mama na wadogo zake wanamtegemea. Akafundisha sarufi na fasihi ya Kiyunani ili wale. Baadaye alipokabidhiwa kufundisha wanaojiandaa kubatizwa, akauza vitabu vyake vya fasihi ya kale, na mnunuzi akawa anampa oboli 4 kwa siku, pesa ndogo ya kula tu. Ukisimulia habari hii kwa vijana watasema: umeona, ameachana na Wayunani. Lakini fuatilia alichofundisha Kaisaria miaka ya baadaye. Mwanafunzi wake Gregori, aliyekuja kuitwa Mtendamiujiza, ameacha hotuba ya kumshukuru inayoeleza mtaala: mantiki kwanza, kisha elimu ya maumbile, jiometri na elimu ya nyota, kisha maadili, na kusoma wanafalsafa wote isipokuwa wanaokana kuwapo kwa Mungu. Origenes mwenyewe katika barua kwa Gregori anatumia habari ya Waisraeli waliotoka Misri na dhahabu ya Wamisri, wakaitumia kutengenezea vyombo vya hema ya kukutania. Watu wengi hunukuu hapo wakaishia hapo. Kozi inakusomesha barua yote, na utaona anaendelea kuonya kwamba wanaoitumia dhahabu hiyo kwa mema ni wachache, wengi wanaishia kutengeneza sanamu.

Kitabu chake dhidi ya Celsus, cha mwaka 248 hivi, tulisoma sehemu ndogo ya juzuu nane. Celsus alikuwa mpinzani wa Ukristo wa miaka ya 170, kitabu chake kimepotea, na tunakijua kwa sababu Origenes alimnukuu hatua kwa hatua akimjibu. Kejeli zake bado zinachoma. Anasema Ukristo unaenezwa na wasokota sufu, washona viatu na wafua nguo, watu wasiothubutu kufungua mdomo mbele ya wenye nyumba, lakini wakiwapata watoto pembeni wanawaambia wasiwasikilize baba wala mwalimu. Nilitegemea Origenes akasirike. Badala yake anauliza: tuonyeshe ni mwalimu gani wa hekima ya kweli tuliyemwondoa kijana kwake. Kwenye mjadala, mama mmoja fundi cherehani alisema yeye anajivunia kuwa kwenye orodha ya Celsus, tukacheka wote.

Wiki ya Juliano ndiyo iliyotoa mjadala mkali kuliko zote, pengine kwa sababu washiriki wengi ni walimu. Mwaka 362 kaisari huyu aliyeuacha Ukristo alitoa agizo kuhusu walimu, na kwa barua akaeleza sababu: si uaminifu mtu kufundisha mashairi ya Homero huku anaidharau miungu ya Homero, Wagalilaya, ndivyo alivyowaita Wakristo, waende makanisani mwao wakafafanue Mathayo na Luka. Marius Victorinus, mwalimu Mkristo wa balagha, akaacha kufundisha Roma. Mwenzake Prohaeresius wa Athene, kaisari alimruhusu aendelee, naye akajiuzulu vilevile. Gregori wa Nazianzo (si yule mwanafunzi wa Origenes), aliyewahi kusoma Athene wakati mmoja na Juliano, aliwaka: nani amekwambia lugha na elimu ya Wayunani ni mali ya miungu yenu? Darasa letu liligawanyika. Kuna aliyesema Juliano ana hoja, kwamba mwalimu asiyeamini anachofundisha ni mnafiki. Mwingine akamuuliza kama mwalimu wa historia lazima amwamini farao. Muda ukaisha watu bado wamewasha maiki.

Ndipo ukisoma Basili Mkuu, hotuba yake fupi kwa vijana kuhusu vitabu vya Wayunani, unaona kwa nini anaongea kwa utulivu vile. Msomaji anamfananisha na nyuki: nyuki haendi kila ua, na hata analoliendea habebi lote. Nilichopenda zaidi ni kisa anachokisimulia cha Sokrates: mtu alimpiga usoni mpaka uso ukamvimba, Sokrates hakurudishia, ila aliandika kwenye paji lake jina la aliyempiga, kama fundi anavyoandika jina lake kwenye sanamu. Basili anakiweka kando ya amri ya kugeuza shavu la pili. Vijana wangu wanakikumbuka hicho kuliko somo lolote nililowahi kuwapa.

Agostino na Jerome walibanwa kwenye wiki moja ya mwisho, kosa la kupanga. Agostino, aliyekiri kwamba utotoni alichukia masomo ya Kiyunani, anaeleza katika kitabu chake Maungamo jinsi alivyokuta katika vitabu vya Waplato kwamba Neno alikuwako kwa Mungu, lakini asikute kwamba Neno alifanyika mwili. Ukurasa huo ulistahili jioni nzima. Tuliupata mwishoni kabisa, watu wameshachoka.

Ndugu mmoja wa Zanzibar aliuliza ilikuwaje elimu hiyo ya Wayunani ikafika Baghdad. Ni swali zuri sana, kwa kuwa waliobeba sehemu kubwa ya kazi ya kutafsiri katika karne ya 9 walikuwa Wakristo wa lugha ya Kisiria, Hunayn ibn Ishaq akiwa mkubwa wao. Mkufunzi alijibu kwamba hilo liko nje ya kozi.

Ukijiunga, soma maandiko kabla ya kusikiliza mhadhara, na barua ya Origenes na hotuba ya Basili zichapishe kabisa, ni fupi. Kama Kiingereza kinakusumbua, tafuta mwenzako wa kusoma naye. Jedwali lipuuze, ila kwenye jaribio wajibu wanavyotaka kama unahitaji alama. Natoa nyota nne kati ya tano, na wakiongeza sehemu ya pili inayoanzia kwa Wasiria hadi Baghdad, ada yao ipo.