Kisanduku cha kuchorea picha ndogo za mafuta: sanduku chukua, tyubu acha

Habari zenu wapenzi watazamaji, karibuni tena. Leo mezani nina kisanduku cha mbao cha mchoraji, kile kidogo cha kubeba mkononi. Ukikifungua, kifuniko kinasimama na kushika picha, na sehemu ya chini inakuwa paleti, yaani ubao wa kuchanganyia rangi. Wengi mmeniuliza kama kinamfaa mtu anayetaka kuchora picha ndogo za rangi za mafuta: kibanda chini ya mti, njia inayokatiza shamba, au vitu vilivyopangwa mezani, jagi na mayai mawili matatu. Visanduku vya muundo huu vinatengenezwa na viwanda vingi na havipishani sana, kwa hiyo hata kama chako kina nembo tofauti, haya yatakuhusu.

Jibu nalitoa mapema. Sanduku ni zuri sana. Rangi zilizomo ndani ni hafifu. Ukilipata tupu, lichukue tupu, na pesa inayobaki uinunulie tyubu tano za rangi bora. Sasa niwaonyeshe kwa nini nasema hivyo.

Naanza na kifuniko, maana hapa ndipo visanduku vingi vinapoanguka. Tazameni, naweka ubao wa inchi 6 kwa 8, yaani kama sentimita 15 kwa 20. Nakaza nati hii ya pembeni. Sasa nakandamiza kwa kidole katikati ya ubao, kwa nguvu ileile ya brashi yenye rangi nzito. Mnaona? Hakirudi nyuma. Nasukuma kona ya juu, ambapo bawaba huwa zinalegea. Bado kimetulia. Kwenye picha ya ukubwa huu paa zima la kibanda ni mpigo mmoja wa brashi, labda sentimita mbili. Kifuniko kikitikisika kidogo tu, ukingo wa paa umeharibika. Kwa hiyo ukienda kununua, usione haya: kifungue palepale, kaza nati, sukuma kwa kidole. Kikicheza, kirudishe.

Chini kuna nati ya chuma ya kufungia kwenye stendi ya kamera, ile ya kawaida ya robo inchi. Imeshindiliwa vizuri ndani ya mbao, na ukichora umesimama utaishukuru.

Halafu kuna jambo ambalo matangazo hayalisemi, nalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote: nafasi ya kuchanganyia rangi. Wachoraji wa picha ndogo wanadhani kwa kuwa picha ni ndogo, paleti nayo iwe ndogo. Sivyo. Idadi ya michanganyiko haipungui kwa sababu picha imepungua. Anga peke yake linataka vivuli vitatu vya buluu, vilima vya mbali viwili, majani manne au matano, na kila kimoja kinahitaji mahali pake safi. Ukikosa nafasi, unaanza kuchanganyia juu ya mchanganyiko wa zamani, na baada ya muda kila kitu kimekuwa tope. Kipimo changu ni hiki: eneo la kuchanganyia lisiwe dogo kuliko picha yenyewe. Hiki kinafaulu, paleti yake inaizidi picha kwa karibu nusu, na ukipanga rangi zako ukingoni, katikati panabaki wazi.

Kasoro yake ni kwamba paleti imekuja mbao kavu kabisa. Mbao kavu itanyonya mafuta ya rangi yako na kuiacha ngumu kama gundi. Kabla hujaitumia, ipake mafuta ya mbegu za kitani, safu nyembamba sana, futa ziada kwa kitambaa, iache ikauke vizuri, rudia mara kadhaa. Itageuka kahawia ya kupendeza, na hilo lina faida nyingine: juu ya mbao nyeupe rangi zako zinaonekana nyeusi kuliko zilivyo, lakini juu ya kahawia ya wastani unaona kiwango halisi cha mwanga.

Ndani ya kifuniko kuna mifereji ya kubebea mbao mbili zenye picha mbichi zisigusane. Msiidharau. Rangi ya mafuta haikauki kwa maji kuondoka kama rangi nyingine. Mafuta ya kitani yaliyomo ndani yake yanavuta oksijeni ya hewani na kugeuka utando mgumu. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa, na ikiwa rangi ni nene, wiki na zaidi. Ina maana ukitoka shambani, picha yako ni mbichi, na bila mifereji hii utafika nyumbani na nusu ya anga imebaki kwenye begi. Angalia tu unene: mifereji hii inapokea ubao wa milimita 3. Zile mbao zilizogandishiwa turubai, ambazo ndizo walizoziweka humuhumu kwenye seti, ni nene mno na haziingii. Aliyebuni sanduku na aliyejaza seti hawakuongea.

Sasa tyubu. Ziko 12, kila moja mililita 12, na zimepangwa vizuri zinavutia macho. Nasogeza kamera. Huyu ni mweupe wa kwenye seti, nambana hapa kushoto. Kulia nambana mweupe wa daraja la wasanii. Tazameni ya kushoto: mafuta yametangulia kutoka kabla ya rangi, kuna kidimbwi cha njano pembeni. Sasa nachukua buluu ya altramarini, tone sawasawa kwa pande zote mbili, nakoroga kwa kisu. Kulia nimepata buluu iliyopauka, safi, ya anga la asubuhi. Kushoto bado ni buluu nzito, kana kwamba mweupe hakuwekwa. Nitahitaji karibu mara mbili ya mweupe huu kufika palepale, na nikifika, rangi imechoka, imekuwa kama chaki. Sababu ni kwamba unga wenyewe wa rangi ni mchache, na nafasi imejazwa vijazio.

Geuza tyubu usome maandishi madogo. Rangi bora huandikwa msimbo wa unga uliomo. Mweupe wa titani ni PW6. Mweupe wa zinki ni PW4, na huo mimi nauepuka, kwa sababu zinki hufanya utando wa mafuta uwe mkavu na mwepesi kupasuka miaka ikipita. Altramarini ni PB29. Kwenye seti hii njano imepewa jina la kadimi, lakini msimbo unaonyesha ni unga mwingine kabisa wa bei nafuu unaoiga kadimi. Si wizi, imeandikwa pale, ila lazima ujue kusoma. Na nyekundu ya zambarau wameweka PR83, alizarini, ambayo inajulikana kwa kufifia ikikaa kwenye mwanga, hasa ikipakwa nyembamba au ikichanganywa na mweupe. Ua ulilolichora likang'aa, litakuja kupauka ukutani.

Ndiyo maana nasema tano nzuri zinakutosha. Mweupe wa titani, na huyu nunua tyubu kubwa, kwa sababu mweupe ndiye anayekwisha upesi kuliko wote. Altramarini. Njano ya kadimi halisi, PY35, ile ya upande wa limau. Nyekundu ya kwinakridoni, PV19, ambayo inavumilia mwanga. Na udongo wa siena uliochomwa, kahawia yenye wekundu, PBr7. Basi.

Najua mtauliza, kijani kiko wapi? Mandhari ya shamba bila kijani? Kijani cha tyubu kinapiga kelele. Majani ya kweli yamejaa njano, kahawia, kijivu, hata wekundu. Altramarini na njano vinakupa kijani kilichotulia, ukigusa siena kidogo kinakuwa kijani cha nyasi zilizoanza kukauka. Na mchanganyiko ninaoupenda kuliko yote ni huu: altramarini na siena. Tazameni nikikoroga. Vikiwa sawa, unapata weusi mzito wenye uhai, ndiyo maana sijaweka tyubu nyeusi. Ongeza buluu na mweupe, una vilima vya mbali, kwa kuwa hewa iliyo kati yako na kilima inakifanya kipauke na kuelekea buluu. Ongeza siena, una gome la mti na udongo wenye unyevu. Tyubu mbili, na nusu ya shamba umeshaipata.

Mchoraji Anders Zorn wa Sweden anajulikana kwa paleti ya rangi nne tu: nyeupe, njano ya udongo, nyekundu ya vemilioni na nyeusi. Ngozi za watu wake zinapumua. Tyubu 12 zinauzwa kwa sababu zinapendeza dirishani, si kwa sababu picha inazihitaji.

Brashi za kwenye seti ni sita, zote za mviringo, zote nyembamba. Hapa nina neno. Brashi nyembamba kwenye picha ndogo inakuvuta uchore jani moja moja, na jani moja moja halionekani na jicho lililosimama hatua mbili mbali. Chukua brashi bapa, namba 4 na namba 6, za nywele za nguruwe, na moja laini ya sintetiki kwa kingo za mwisho. Mti mzima uufikirie kama maumbo mawili, upande wa mwanga na upande wa kivuli.

Mchoraji Mfaransa Georges Seurat alichora picha zake nyingi za majaribio za mafuta juu ya vibao vya kama sentimita 16 kwa 25. Mwingereza John Constable, mwaka 1821 na 1822, alitoka kule Hampstead, karibu na London, kuchora mawingu tu, picha ndogondogo, kwa sababu wingu halikusubiri. Picha ndogo ni njia ya kuukamata mwanga kabla haujahama. Jua linasogea nyuzi 15 kila saa. Ukikaa saa mbili, kivuli cha kibanda kimekwisha geuka. Kwa hiyo nje mimi naweka vivuli kwanza, vyote, katika dakika za mwanzo, na baada ya hapo sivigusi hata kama vimesogea.

Ndani ya nyumba hilo halikusumbui. Taa moja, upande mmoja, na kasha la karatasi lililokatwa ubavu kuzuia mwanga mwingine. Nimeweka jagi na yai hapa. Tazameni upande wa kivuli wa yai. Watu wanaweka kijivu. Lakini kitambaa chini yake ni chekundu, na mwanga umegonga kitambaa ukarudi juu, kwa hiyo chini ya yai pana joto, kama waridi iliyofifia. Nikiweka mguso mmoja tu pale, hivi, yai limekaa mezani. Kabla ya huo mguso lilikuwa linaelea.

Hizo mbao za turubai za seti, mimi nimeziweka kando. Kusuka kwa turubai ni kukubwa mno kwa picha hii. Uzi mmoja una upana wa dirisha la kibanda. Tafuta ubao laini wa milimita 3, upake geso, ile rangi nyeupe ya msingi, safu mbili au tatu, kila moja ikikauka piga msasa mwepesi. Geso ya akriliki inanyonya kidogo, hivyo sehemu za giza zinaweza kukauka zikiwa butu, hazina mng'ao. Haijaharibika. Picha ikishakauka vizuri, pitisha mafuta ya kitani kidogo mno kwa kitambaa, futa, na giza linarudi.

La mwisho, na hili nawaomba mlichukue kwa uzito. Kwenye seti kuna kikopo cha kuyeyushia rangi. Kitumie dirisha likiwa wazi, na tumia kidogo. Kwa picha ndogo unaweza kuchora muda wote kwa kufuta brashi na kitambaa tu. Lakini vitambaa hivyo vyenye mafuta ya kitani usivikunje ukavirundika kwenye kapu la taka. Mafuta yale yanapovuta oksijeni yanatoa joto, na joto likifungiwa ndani ya rundo linaweza kuwasha moto bila kiberiti. Vitandaze nje kimoja kimoja vikauke hadi viwe vikavu, au viloweke kwenye maji ndani ya kopo la chuma lenye kifuniko. Kwenye karatasi ya maelekezo ya seti hii nimetafuta onyo hilo, mbele na nyuma, halipo. Wangeondoa tyubu moja wakaliandika.