Gesi ya AC ya kopo kwenye gari la haibridi: soma oili kabla ya kununua

Habari zenu watazamaji, karibuni. Hapa mezani nina makopo mawili ya gesi ya AC, yote R-134a, pamoja na mpira wa kujazia wenye geji ya rangi. Hili la kwanza lina gesi tupu. Hili la pili lina gesi, oili na dawa ya kuziba matundu, vyote humo humo. Je, unaweza kujijazia mwenyewe AC ya haibridi, yaani gari lenye injini na mota ya umeme? Kuongezea kidogo, ndiyo, ukifuata masharti. Lakini hili kopo la pili naliondoa mezani kabisa, na naomba mnisikilize vizuri hapa.

Kwenye gari la kawaida kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi ya AC, inazungushwa na mkanda wa injini. Kwenye haibridi nyingi, kama Toyota Prius ya kizazi cha pili iliyotoka mwaka 2003, kompresa ina mota yake ya umeme ndani, na inakula umeme wa betri kubwa, volti 200 hivi. Nyaya za mota hiyo zimelowa gesi na oili ile ile inayozunguka kwenye mfumo. Kwa hiyo oili hapa inalainisha, na pia inatakiwa isipitishe umeme. Kompresa hizi hutumia oili ya aina iitwayo POE; ya kampuni ya Denso inaitwa ND-11. Makopo mengi yenye oili yamewekwa oili ya aina nyingine, PAG, na PAG inapunguza uwezo wa mfumo kuzuia umeme usivuje. Umeme ukianza kuvujia kwenye bodi ya gari, kompyuta inagundua, taa ya hitilafu inawaka, na gari linaweza kugoma kuwaka kabisa. Halafu oili ikishaingia haitoki kirahisi, maana imeshasambaa kwenye kondensa (ile kama rejeta inayopoza gesi) na mabomba yote. Unaingia hasara kubwa kwa kopo moja dogo.

Sasa sogeeni huku kwenye gari. Chini ya boneti kuna stika. Futa vumbi uisome. Hii inasema R-134a, gramu 450. Nyingine zinataja na aina ya oili. Ukikuta R-1234yf, hiyo ni gesi ya aina nyingine, kopo hili halikuhusu, na hata viungio vyake vimetengenezwa tofauti makusudi visiingiliane. Tazameni na hizi nyaya nene za rangi ya chungwa: hizo ndizo za umeme mkubwa. Huzigusi, huzifungui, huzisogezi.

Geji hii sasa. Inanikera, kwa sababu rangi yake ya kijani inawapa watu uhakika ambao haupo. AC ikiwa imezimwa, presha inafuata joto la gesi tu. Maadamu ndani kumebaki gesi ya majimaji, geji itasoma vile vile, mfumo uwe nusu au uwe umejaa. Ukiwasha AC, kompresa ya umeme inabadili kasi kila mara kwa amri ya kompyuta, na mshale unapanda na kushuka nayo. Chombo cha kuamini ni mizani ya kidijitali. Pima kopo kabla, pima kila baada ya kuongeza, ujue gramu ngapi zimeingia. Mfumo mzima unachukua gramu 450, na makopo mengi yana gramu 340 hivi, kwa hiyo kumimina kopo zima ni njia ya haraka ya kuzidisha. Gesi ikizidi, presha inapanda, ubaridi unapungua na kompresa inateseka.

Kabla ya kuongeza chochote, kagua filta ya hewa ya ndani na feni ya kondensa. AC dhaifu mara nyingi ni uchafu tu. Ukiridhika kwamba gesi imepungua, vaa miwani na glovu, maana R-134a huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri na inaunguza ngozi kwa baridi. Unganisha upande wa presha ndogo, kifuniko chenye herufi L, usiguse H. Toa hewa iliyomo kwenye mpira kwanza. Kopo lisimame wima muda wote ili iingie mvuke, isiingie gesi ya majimaji. Ongeza gramu 30 hivi, subiri, weka kipimajoto kwenye tundu la hewa. Ubaridi ukiacha kuongezeka, acha na wewe.

Ila kama AC haitoi ubaridi hata kidogo, usiongeze. Huenda mfumo unavuja, na pengine umeshaingiza hewa na unyevu. Ukiwa unavuja, unatakiwa uzibwe, uvutwe kwa pampu ya vakyumu, kisha ujazwe kwa kupimwa. Usijiambie kwamba utajaza tena mwezi ujao: kilo moja ya R-134a ikitoka hewani inapasha dunia joto kama kilo 1,430 za kabonidioksaidi. Na kwenye haibridi nyingi betri kubwa inapozwa na hewa ya ndani ya gari, kwa hiyo AC mbovu inaitesa na yenyewe.

Na ukimpelekea fundi, usiache kumuuliza mashine yake ilijaza gari gani kabla ya lako. Mipira iliyotoka kwenye gari la kawaida inabaki na mabaki ya PAG. Akwambie kama ameisafisha, au kama ana mashine ya haibridi peke yake. Akishindwa kukujibu, ondoka na gari lako.